Jina "assassin" na tuhuma ya bangi

Kamusi za Kiingereza hulirudisha neno "assassin", muuaji wa viongozi, kwenye hashishi ya Kiarabu: majani, na hasa bangi. Asili hiyo naikubali. Ninachopinga ni hadithi inayobandikwa juu yake, kwamba Waismaili wa Kinizari, tawi la Washia, wafuasi wa Hasan-i Sabbah aliyeitwaa ngome ya Alamut huko Uajemi mwaka 1090, walileweshwa bangi ndipo wakatumwa kuua.

Wanaoiamini wana hoja. Mauaji yalitokea kweli. Nizam al-Mulk, waziri wa dola ya Waseljuki, alichomwa kisu mwaka 1092. Wala jina hilo la kuwaita Wanizari watu wa hashishi halikubuniwa na Wazungu. Limo katika waraka wa Wafatimi, watawala wa Kiismaili wa Cairo, wa miaka ya 1120, tena bila maelezo, kana kwamba wasomaji walilijua. Silvestre de Sacy, mtaalamu Mfaransa wa Kiarabu aliyelifafanua mbele ya wanazuoni wa Paris mwaka 1809, aliona halikosi kutokana na matumizi ya mmea wenyewe.

Lakini waraka ule ni wa mahasimu. Wafatimi na Wanizari walifarakana mwaka 1094 kwa kugombea urithi wa uimamu. Hata mitaani kwetu, anayeitwa mvuta bangi si lazima awe amewahi kushika msokoto. Ameitwa mhuni, basi.

Halafu yupo Juvayni, na hapa ndipo hadithi inaponishinda kuimeza. Mwanahistoria huyu aliingia Alamut na Wamongolia mwaka 1256. Aliipekua maktaba, akaokoa misahafu na vyombo vya elimu ya nyota, akachoma vitabu alivyoviona vya upotofu. Aliwachukia Wanizari kupita kiasi na kuwalaani waziwazi. Kuhusu bangi hakuandika neno. Adui wa namna hiyo, aliyeifikia ngome yenyewe, angeiachaje aibu kama hiyo?

Kazi yenyewe pia inakataa. Waliomuua Conrad wa Montferrat, kiongozi wa Vita vya Msalaba, mjini Tyre mwaka 1192 wanasimuliwa kuwa walijifanya watawa hadi wakaaminiwa. Subira hiyo haiwezekani kwa mlevi. Hata msafiri Marco Polo, mwenye kisa cha bustani ya peponi walimoingizwa vijana hao, anaitaja dawa ya kuwalaza vijana usingizi, si ya kuwapa ujasiri wa kuua.

Wapo wanaotaka kulisafisha jina kwa kulitoa kwenye neno la Kiarabu asasi, yaani msingi. Ushahidi wake ni dhaifu, na utetezi hauuhitaji. Warithi wa Alamut ni majirani zetu Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, jamaa wa Aga Khan. Kwao ingetosha kamusi zikiongeza kwamba hashishi hapo lilikuwa tusi.