Nitajie albamu, usinitajie msanii tu

Ukiniuliza nasikiliza nini siku hizi, nitakutajia albamu moja na kukwambia nimefika wapi ndani yake. Jibu la "benga", ule muziki wa gita wa Wajaluo, silikubali. Wala "zilizopendwa", wala "niko na Bien tu wiki hii". Hayo ni majibu ya mtu aliyepita nje ya duka bila kuingia, na muziki wa upande huu wetu wa ziwa umepitiwa nje vya kutosha.

Hapa Kisumu tuna kikundi kidogo kinachokutana Jumapili alasiri, mara nyingi upande wa Dunga, samaki wakiwa bado motoni. Kuna mwalimu mstaafu kutoka Mbale kule Vihiga, kuna fundi wa simu wa Kondele, kuna dada anayeuza vitambaa Kibuye, na wengine wanaoingia na kutoka. Swali letu halibadiliki: uko na albamu gani? Kila mtu anajibu, mmoja anaunganisha simu yake kwenye spika, na sheria ni kwamba hakuna kuruka. Wimbo usioupenda unausikiliza hadi mwisho, kisha unatuambia kwa nini huupendi.

Mimi mwezi huu wote niko na En Mana Kuoyo ya Ayub Ogada. Ilitoka 1993 kupitia Real World, lebo ya Peter Gabriel huko Uingereza, baada ya Ogada kuhamia huko na nyatiti yake, ala ya nyuzi ya Wajaluo. Karibu kila mtu anaujua wimbo mmoja wa humo, Kothbiro, hasa tangu ulipotumika katika filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005. Ni wachache wanaojua kwamba ndani ya albamu wimbo huo umewekwa karibu na mwisho, na umewekwa hapo kwa sababu. Obiero ndio unaofungua. Zinafuata nyimbo nyingine ambazo nyatiti inatembea, inakimbia, inazungumza na mwimbaji. Unapofika Kothbiro, sikio limeshazoea zile nyuzi nane, na ule utulivu unakushika kwa namna ambayo haiwezekani ukiuanzia wenyewe. Ukiuanzia wenyewe unapata huzuni peke yake, na Ogada alikuwa na mengi zaidi ya huzuni. Alifariki 2019 huku kwetu Nyahera. Inaniuma kwamba mtu aliyemalizia siku zake karibu nasi hivi, wengi wetu tunamjua kwa wimbo mmoja tuliousikia kwenye filamu ya wageni.

Kisa hicho hicho kimewapata Gidi Gidi Maji Maji. Unbwogable uliimbwa na nchi nzima wakati wa uchaguzi wa 2002. Ismarwa, albamu yao ya mwaka 2000, ambamo vijana wawili walirapu kwa Kijaluo bila kumwomba mtu ruhusa, leo unamtafuta aliyeisikiliza nzima humpati.

Siku moja fundi alileta hoja ambayo hatukuimaliza hadi giza likaingia. "Mwalimu, na heshima yangu yote, benga haina albamu. Benga ni nyimbo tu. Albamu ni mambo ya Wazungu."

Hoja yake ina uzito. Benga ilikua kwenye santuri ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika. Katika miaka ya sitini na sabini bendi ilikuwa inaingia studio, kwa mfano ile ya Chandarana kule Kericho, inarekodi wimbo mmoja, na wimbo huo unagawanywa pande mbili za santuri. Biashara ilikuwa kubwa. Santuri za mtayarishaji Phares Oluoch Kanindo zilivuka mipaka hadi Zimbabwe, na watu wa huko wakaupa muziki wenyewe jina lake, Kanindo. Hata mkongwe D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania aliyefia kwenye ajali ya barabarani hapa Kisumu mwaka 2006, alipotolewa kwa albamu ya Benga Blast! mwaka 1989, lebo yake ilikuwa ya Uingereza, na msikilizaji aliyelengwa hakuwa mama wa Nyalenda. Mama wa Nyalenda alikuwa na rundo la santuri, baadaye kaseti.

Lakini mimi naona hapo ndipo hoja ya kusikiliza kwa ukamilifu inapopata nguvu. Upande wa kwanza wa santuri ulikuwa na kisa: nani kamkosea nani, nani kasifiwa, nani kafiwa. Gita la solo linajibizana na sauti kama nyatiti inavyojibizana na mwenye kuipiga, na besi inapita chini yao bila kutulia. Unageuza santuri. Upande wa pili maneno yanapungua, gita zinachemka, watu wanaamka vitini. Waliotunga walijua utageuza, kwa hiyo walikuandaa. Huo ulikuwa mpango kamili wenye mwanzo na mwisho, hata kama haukujazwa nyimbo kumi.

Sasa angalia tunavyousikiliza leo. Miksi za madijei zinachukua upande wa pili pekee, tena kipande, na juu yake dijei anatangaza jina lake na namba ya simu. Kwenye matatu sina ugomvi nao. Kazi yao ni kuchangamsha safari na wanaijua. Ugomvi wangu ni na sisi tunaofika nyumbani tukaendelea na miksi ile ile, kisha tukasema tunaipenda benga.

Maana kinachokatwa hapo si kidogo. Mara nyingi ni pale gita zinapopamba moto ndipo mwimbaji anapoanza kuita watu kwa majina: mpiga solo, mpiga besi, rafiki aliyesaidia bendi, bwana fulani wa Ugenya, binti fulani wa Alego. Santuri yenyewe kwenye lebo, ile karatasi ya katikati, ilikuwa na jina la wimbo, mtunzi na bendi, basi. Mpiga solo hakuandikwa popote. Jina lake limo ndani ya wimbo, linatamkwa na mwenzake, na dijei amelifunika kwa namba yake ya simu.

Hili nililielewa vizuri kwa yule dada wa Kibuye. Anapoleta Musa Juma na Orchestra Limpopo, husimamisha mazungumzo. "Subirini, anayetajwa hapo mnamjua?" Kisha anatueleza alivyoelezwa na wakubwa zake. Musa Juma alifariki mwaka 2011 kule Mombasa, na kila Jumapili ambayo dada huyu anacheza kaseti aliyoihamishia kwenye simu, watu kadhaa wa enzi yake wanatajwa tena mbele yetu. Nani angetufanyia hivyo kwa orodha ya nyimbo kali hamsini?

Mwalimu yeye ni mtu wa omutibo, mtindo wa gita wa Waluhya. Ameshikilia Furaha Wenye Gita, mkusanyiko wa nyimbo za George Mukabi, na hataki kuiachia. Mukabi alifariki mwaka 1963, kwa hiyo nyimbo hizi nazo zilitoka kama santuri moja moja. Kuzikuta pamoja ni jambo jingine. Unasikia kidole gumba kikiishikilia besi huku vidole vingine vikibeba wimbo, unasikia chupa ya Fanta ikikwaruzwa kwenye mikunjo yake kuweka mapigo, na baada ya wimbo wa tatu au wa nne unaanza kutambua alivyokuwa akirudia njia ile ile na kuibadilisha kidogo tu kila mara. Nimekuwa nikisikia Mukabi redioni tangu utotoni na sikuwahi kufikiri ana mengi ya kunifundisha kuhusu gita. Anayo.

Fundi naye akatuwekea Victims of Madness ya Wakadinali, kundi la rap la Nairobi, ya 2020. Mwalimu alikunja uso mwanzoni.

"Mzee, vumilia hadi mwisho."

"Navumilia, kijana wangu. Ila hawa wanazungumza kama wanafukuzwa."

Alivumilia. Wiki iliyofuata alikuja na maswali kuhusu sheng ya wimbo mmoja, na fundi akayajibu kwa subira ambayo sijawahi kuiona akiwa na wateja. Hiyo ndiyo faida ninayoitetea. Ukimwambia mtu "mimi napenda rap ya Nairobi", mazungumzo yameisha, kila mtu anarudi kwenye msimamo wake. Ukimpa kazi moja nzima, mna kitu kimoja mezani, na mnaweza kukosana juu yake kwa haki.

Najua bando ni ghali na muda ni mfupi. Pakua albamu moja usiku bei ya bando ikiwa nafuu. Asubuhi panda matatu ya Kakamega, vaa visikilizio, na uanze wimbo wa kwanza gari linapotoka stendi. Kiboswa itapita, Majengo itapita, pale Chavakali utakuwa umebakiza nyimbo chache. Albamu nyingi zinaisha kabla hujashuka.

Kitu kimoja kinachonisumbua zaidi ya miksi ni namna nyimbo zetu za zamani zinavyowekwa mtandaoni. "Best of Luo Benga", picha ya mwanamuziki ambaye si yeye, hakuna mwaka, hakuna bendi. Mradi wa Ketebul Music ulionyesha mwaka 2008, kwa Retracing the Benga Rhythm, kwamba historia hii inakusanyika watu wakiamua kuuliza na kuandika. Kwa hiyo kama wewe ndiye uliye na santuri za baba au kaseti za shangazi, na unapanga kuziweka hadharani, rekodi pande zote mbili. Piga picha lebo ya kila upande, namba zake zionekane. Sikiliza majina yanayoitwa ndani ya wimbo, muulize shangazi hao walikuwa nani maadamu bado anakumbuka, na uyaandike chini ya wimbo, la mpiga solo likiwa la kwanza.