Mhakiki Aliyevua Nguo

Picha nyingi za wahakiki wa sanaa za mwanzoni mwa karne ya 20 hutuonyesha mabwana waliovaa suti nyeusi, uso umekazwa, lakini ile ninayoirudia mara kwa mara ni ya George Bernard Shaw akiwa uchi wa mnyama. Aliipiga Alvin Langdon Coburn, kijana mzaliwa wa Boston, mjini Paris mwaka 1906. Shaw, ambaye wengi humjua kwa tamthilia zake, alikuwa ameandika uhakiki wa sanaa katika jarida la The World la London miaka ya 1880, na safari hiyo alikwenda Ufaransa ili mchongaji Mfaransa Auguste Rodin amfinyange sanamu ya kichwa. Tarehe 21 Aprili sanamu ya Rodin iitwayo Le Penseur, yaani Mwenye Kufikiri, ilizinduliwa mbele ya Panthéon, jengo maarufu mjini Paris. Baada ya hapo Shaw, akiwa ametoka kuoga, alijitolea kukaa mkao uleule mbele ya kamera.

Wanaoiona picha hii kuwa mzaha hawakosei, maana mzaha umo. Mimi naiona pia kuwa ni hoja, tena hoja iliyomgeukia msemaji wake. Mwaka 1901 Shaw alikwisha kuandika kwamba kamera imeishinda kabisa penseli na brashi katika kuonyesha vitu kisanaa. Haya, na tumtazame. Mtu wa Rodin ana mgongo uliojaa misuli, vidole vya miguu vimeng'ang'ania jiwe, na kiwiko chake cha kulia kimeegemea paja la kushoto, mkao ambao ukiujaribu kwenye kiti cha nyumbani utaona dakika mbili ni nyingi. Anafikiri kwa mwili mzima. Shaw, mtu wa karibu miaka 50 asiyekula nyama, ni mwembamba na mweupe, ndevu zake ni zilezile za kwenye magazeti, na kwa macho yangu anafanana zaidi na mtu anayesubiri aletewe taulo.

Rodin alikuwa na hiari ya kuongeza nyama alipotaka na kuipunguza alipotaka, ilhali kamera ilimpokea Shaw na alichonacho. Coburn aliupenda ukungu laini unaolainisha kingo za vitu, na hapa umemsitiri mzee kidogo, lakini haukuweza kumpa bega ambalo hakuwa nalo. Kwa hiyo nasema kwamba picha hii inaipinga kauli ya 1901, na kwa sababu hiyohiyo naipenda kuliko picha zake zote za suti: mkuki aliozoea kuwarushia wachoraji ameuelekeza kifuani mwake, kifua chenyewe kikiwa wazi.

Mwaka huohuo wa 1906 picha hiyo ilitundikwa katika maonyesho ya picha mjini London, kwa jina lilelile la sanamu, ili kila aliyepita mbele yake alinganishe.