Naomba Miaka 43 ya Kuhama

Miezi miwili iliyopita mkuu wetu wa kitengo aliniita ofisini kwake, akanikaribisha kiti na kuniagizia chai ya maziwa. Nami, ambaye nimeandika programu hapa Dodoma tangu 2008 bila kuagiziwa hata glasi ya maji, nikajua kwamba kuna jambo. Jambo lenyewe lilikuwa kwamba mfumo wangu wa stoo, unaokaa kwa adabu kwenye kompyuta sita za ofisi, unatakiwa kuhamia kwenye wavuti, na mhamishaji ni mimi. Nilipoanza kujikuna kichwa akanimaliza kabisa: "Kaka, Serikali nzima imehama Dar es Salaam ikaja Dodoma, wewe unashindwa kuhamia kwenye kivinjari?"

Sikumjibu, kwa sababu chai ilikuwa yake. Ningejibu, ningemkumbusha kwamba uamuzi wa kuhamia hapa ulipitishwa 1973, na misafara ya wizara ikaanza kuonekana barabarani baada ya 2016 kutangazwa kwamba sasa kweli tunahama, yaani miaka 43 baadaye. Mimi sipingi kuhama hata kidogo. Naomba tu nipewe muda uleule, hasa kwa kuwa nitastaafu kabla hata nusu yake haijafika.

Nakiri kwamba mfumo wangu niliuandika kwa Visual Basic 6, lugha iliyotoka 1998, na kwamba niliuanza mwaka uleule wa 2008 ambao Microsoft yenyewe iliacha kuvihudumia vifaa vya kuiandikia, jambo ambalo mkuu halijui na sioni sababu ya kumsumbua nalo. Lakini katika lugha ile ukikiweka kitufe mahali kwa kipanya, kitufe kinakaa. Unakwenda kula ugali na mlenda, unarudi, unakikuta palepale. Kwenye wavuti nimemaliza siku tatu nikijaribu kukiweka kitufe cha "Hifadhi" katikati ya ukurasa, na nilipofanikiwa kwenye kompyuta yangu, kwa mkuu kilikuwa kimeegemea kushoto kana kwamba kimepigwa na upepo wa mwezi wa nane, na kwenye simu ya mama wa stoo, ambayo kioo chake kina nyufa tangu mwaka juzi, hakikuonekana kabisa. Kijana wa mafunzo kwa vitendo tuliyenaye aliniamkia shikamoo, akaandika mistari mitatu, kitufe kikarudi katikati. "Ni kawaida, mzee," akasema. Nina miaka 43.

Hayo ya kitufe ningeyavumilia. Kilichonikosesha usingizi ni hesabu. Mama wa stoo alikuwa na rimu 5 za karatasi, akapokea nyingine 3, akaziingiza kwenye mfumo mpya, na mfumo ukamtangazia kwamba ana rimu 53. JavaScript, lugha ya kuandikia programu za wavuti, ikipewa tarakimu iliyoandikwa kisandukuni, huichukua kuwa maandishi, na ukiiambia ijumlishe, huibandika 3 ubavuni mwa 5 na kuendelea na safari. Ningesema basi, haijui hesabu. Lakini ukiiambia itoe 3 kwenye ile 5, inakujibu 2 bila wasiwasi. Yaani kutoa inajua, kuongeza ndiyo inajifanya haikusikia, kama watu fulani siku ya michango ya harusi. Mkaguzi wa ndani aliposikia habari ya rimu 53 alikuja na kalamu mbili. Baadaye nilisoma kwamba Brendan Eich aliitengeneza lugha hii akiwa kampuni ya Netscape mwaka 1995, kwa siku kumi. Mzee wa Kigogo hawezi kuhamishia mbuzi wake kwenye tembe lililojengwa kwa siku kumi, lakini mimi natakiwa nihamishie humo stoo nzima.

Na hiyo ni lugha tupu, kabla hujaongeza maktaba zake, yaani vijiprogramu vilivyokwisha kuandikwa na watu wengine. Nilihitaji kalenda ndogo ya kuchagulia tarehe. Nikaandika amri moja, na kompyuta ikaanza kupakua mafaili kwa maelfu hadi bando langu likaisha, kwa kuwa kalenda ilimtegemea mwenzake, naye alimtegemea shemeji yake. Machi 2016 mtu mmoja aliondoa mtandaoni kijiprogramu chake cha mistari 11, chenye kazi ya kujaza nafasi upande wa kushoto wa neno, na miradi kwa maelfu duniani ikagoma kujengeka. Mistari 11! Mfumo wangu wa zamani hautegemei mtu yeyote isipokuwa TANESCO.

Hata hivyo mfumo mpya umekamilika na una rangi nzuri. Ijumaa iliyopita, kwenye kikao, mkuu aliinua ripoti ya stoo mbele ya watu wote, akasifu jinsi teknolojia ya wavuti ilivyonyoosha hesabu, na akaniita mfano wa kuigwa. Mama wa stoo alikohoa. Asubuhi ile mtandao ulikuwa umekatika tangu saa mbili, naye alikuwa amefunua kitenge anachofunikia kompyuta ya zamani isiingie vumbi, akafungua mfumo ule wa 2008, akachapa ripoti kurasa nne, kisha akaufunika tena. "Mwanangu," aliniambia tulipotoka kikaoni, "usije ukaufuta ule." Nilimwambia aongeze kitenge cha pili.