Zaka ya mtu wa mpakani

Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta kule Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza kijana wa hapa kwetu Goma, Floribert Bwana Chui, kuwa Mwenye Heri, ngazi iliyo chini ya utakatifu. Mimi ni mchungaji wa Kiprotestanti. Kwetu hatuna ngazi hizo, na Jumapili ile nilihubiri mambo mengine kabisa. Lakini tangu hapo kijana huyo hanitoki kichwani. Hakuwa padri wala mhubiri, alikuwa mtu wa ofisi. Alifanya kazi OCC, idara ya serikali inayokagua bidhaa, na mwaka 2007 alishawishiwa kwa fedha apitishe chakula kilichoharibika. Akakataa. Julai mwaka huo alitekwa, akauawa. Alikuwa na miaka 26.

Sisi watumishi wa Goma tukianza kuzungumza juu ya imani na haki, maneno hupanda juu haraka: vita, Kinshasa, Kigali, mazungumzo ya Doha. Swali linalobaki mezani ni lile lile: mchungaji aseme au anyamaze?

Wanaotaka tuseme hutukumbusha Bukavu. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa alipaza sauti kutetea wakimbizi na wenyeji, akauawa tarehe 29 Oktoba 1996, mji ulipokuwa unatekwa. Aliyemfuata, Emmanuel Kataliko, alilaani unyonyaji wa raia, na mwaka 2000 wenye silaha wakamzuia miezi kadhaa kurudi kwenye jimbo lake. Hao walikuwa wachungaji waliomchukulia Amosi kwa uzito, aliposema haki itelemke kama maji. Ukisoma mistari hiyo ukiwa umekaa salama, ni rahisi kusema "amina".

Lakini wanaonyamaza si waoga wote, na hapa nawatetea. Tangu mwishoni mwa Januari 2025 mji huu uko mikononi mwa waasi wa M23. Ukisema neno Jumapili, Jumatatu mlango unaogongwa unaweza kuwa wa mwimbaji wa kwaya aliyekuitikia tu. Mchungaji ana haki ya kutoa uhai wake. Uhai wa kwaya si wake. Hata maaskofu wa CENCO, baraza la maaskofu Wakatoliki, na wachungaji wa ECC, umoja wa makanisa ya Kiprotestanti, walipokuja Goma Februari 2025 kuongea na viongozi wa waasi, wapo waliowaona wasaliti kwa kuketi nao tu. Na Yeremia aliwaandikia waliohamishwa Babeli wautakie amani mji waliomo, wajenge nyumba, wapande bustani. Hakuwaambia wausifu Babeli, na nadhani mahali pa kusimama ni hapo katikati: usipige vigelegele, wala usitafute kifo cha wengine.

Hilo nalisema kwa ufupi kwa sababu, kwa kweli, siamini kwamba ndipo penye mzigo wetu mkubwa. Tunabishania madhabahu, na Floribert aliuawa kwa ajili ya karatasi iliyokuwa juu ya meza yake ya kazi.

Mtu wa mpakani, yule anayekagua mizigo na kutoza ushuru, anapoleta zaka nono, nani kati yetu huuliza imetoka wapi? Tunaomba baraka juu ya bahasha, tunamweka kiti cha mbele, mwisho wa mwaka tunamfanya mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Mama anayeuza mboga mtaa wa Birere, aliyetozwa senti zake barabarani asubuhi na watu wa namna hiyo hiyo, anakaa benchi la nyuma na franka zake mia tano. Yesu aliwakemea Mafarisayo waliolipa zaka hata za mnanaa na bizari huku wameacha adili na rehema. Sisi tumewaendeleza, tena tumeongeza makofi.

Najua jibu la upande wa pili, nimelisikia ofisini kwangu. Kijana mmoja wa idara ninayoiacha bila jina aliniambia: "Pasta, mshahara umekuja mara ya mwisho lini? Nikikataa mimi, mwenzangu wa meza ya pili atapokea, na mimi nitakuwa adui wa wote wawili." Katika nchi ambayo watu hutania kwamba katiba ina ibara ya 15 isemayo "jitafutieni wenyewe", kumwita huyu mwizi ni kumwonea. Serikali isiyomlipa ndiyo iliyomfundisha. Matabishi, yaani kitu kidogo, ya elfu mbili ili muhuri upigwe upesi, siwezi kuyapima sawa na mchele uliooza unaokwenda kwenye sufuria za watu. Watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Ni agizo dogo, lakini anayelijaribu kwenye Grande Barrière, kivuko cha mpaka wetu na Rwanda, atajua ukubwa wake.

Linalonisumbua zaidi ni kifo chenyewe. Nikimsimulia Floribert mbele ya vijana, ninawaomba nini hasa? Mzee mmoja wa kanisa alinikatiza: "Pasta, uko tayari kwenda kwa mama yake?" Sikumjibu, na mpaka leo nikimtaja Floribert huwa nasema pia kwamba aliuawa, na kwamba si kila anayekataa hupewa nafasi ya kukimbia. Kanisa linalowataka watu wakatae lazima lijue litawalisha nini wakifukuzwa kazi, litawaficha wapi wakitishwa. Kama halina hata mfuko wa kumsaidia mtu miezi mitatu, basi mahubiri yake juu ya rushwa ni deni analolipa mwingine.

Kwetu tumeanza na jambo dogo. Hatusomi tena majina na kiasi cha zaka mbele ya watu, na sehemu ya sadaka ya kila mwezi inawekwa kando kwa waliopoteza kazi kwa sababu ya aina hiyo. Makusanyo yameshuka. Wazee wawili wanasema nimeua ujenzi, na hawajakosea sana: upande wa kwaya bado hauna bati, mvua ikinyesha tunasogeza mabenchi ya mbele nyuma, na wenye viti vya heshima wanabanana na mama wa mboga.