Ketamini au propofoli kwa mgonjwa wa tiba ya umeme?

Wataalamu wa dawa za usingizi hapa Tabora wakianza kuzungumzia tiba ya umeme wa kichwani kwa wagonjwa wa akili, hawachelewi kugawanyika: huyu ketamini, yule propofoli, dawa mbili za kumlaza mgonjwa kabla ya umeme. Tangu madaktari Cerletti na Bini waianzishe tiba hii mjini Roma mwaka 1938, kinachotibu ni degedege lenyewe linaloletwa na umeme huo. Dawa ya kumlaza mgonjwa isilizime.

Propofoli hulaza upesi, mgonjwa huamka ametulia, na presha haipandi mno umeme unapopita. Ila hufupisha degedege, hasa dozi ikizidi. Ketamini hailifupishi hivyo, na hospitali za wilaya zimeizoea miaka mingi. Ubaya wake ni kwamba hupandisha presha na mapigo ya moyo, wakati umeme nao unavipandisha, na wapo wanaoamka wakiona vitu visivyokuwepo. Kwa mtu ambaye tayari anasikia sauti, hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo kijana mwenye sonona kali, aliyeacha kula na kunywa lakini presha yake ni nzuri, ningempa ketamini bila wasiwasi. Mzee mwenye presha, propofoli kwa dozi ndogo. Na degedege likiwa fupi kidogo tusikate tamaa: tafiti zilizolinganisha dawa hizi hazijaonyesha wazi kwamba moja huponya sonona kuliko nyingine.

Kinachoniumiza zaidi ni suksametoniamu, dawa ya kulegeza misuli, ambayo mjadala huu huiruka. Ikiingia mshipani, misuli hutetemeka kuanzia usoni hadi vidole vya miguu, kisha yote inalegea. Ndipo umeme upite. Mguu mmoja hufungwa mkanda wa presha juu ya kifundo kabla ya sindano hiyo, ili dawa isifike huko na degedege lionekane kwenye unyayo. Dawa hii hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi. Oktoba hapa kwetu, umeme ukikatika, friji hupata joto na dawa huanza kupungua nguvu. Misuli isipolegea vizuri, mfupa unaweza kuvunjika, hata kama mgonjwa amelala fofofo kwa dawa bora kuliko zote.

Anayeniuliza nichague ipi kati ya zile mbili, kwanza anionyeshe kipimajoto cha friji hiyo, oksijeni ya kutosha na mashine ya kunyonya mate inayofanya kazi.