Spika haijafa, waya ndio umekatika

Kila nikiona spika za kompyuta zimetupwa eti upande mmoja umekaa kimya, roho inaniuma kweli, maana mara nyingi spika yenyewe nzima kabisa na kilichokufa ni waya, tena sentimita chache tu pale shingoni mwa pini unapokunjwakunjwa kila siku.

Mimi nasema usishike bisibisi kwanza. Chomoa pini kwenye kompyuta uchomeke kwenye simu. Zikilia vizuri basi spika hazina kosa, rudi kwenye kompyuta uangalie sauti inapelekwa wapi, unakuta mashine inaipeleka kwenye skrini ya HDMI au kwenye hedifoni za bluetooth ulizotumia jana na wewe huku ushaanza kutafuta spika mpya.

Zisipolia ndio tuongee. Upande mmoja ukiwa bubu na waya za spika zinachomoka kule nyuma, badilishana, ya kushoto iende kulia na ya kulia ije kushoto. Spika ile ile ikiendelea kunyamaza, ubovu uko kwake au kwenye waya wake. Ikifufuka na mwenzake akanyamaza, tafuta kwenye amplifaya, yaani kikuza sauti kilichomo ndani ya boksi, au waya unaotoka kwenye kompyuta. Hii kitu ni dakika mbili na watu wanairuka wanakimbilia kufungua boksi, wanavunja vishikizo vya plastiki bure!

Waya ukiutikisa karibu na pini na sauti ikaja ikapotea, ushapata jibu. Kata hapo, lehemu pini mpya ya milimita 3.5. Ndani kuna nyaya tatu, kushoto, kulia na ya pamoja, rangi zake usiziamini sana, pima na mita, ile multimita ya mafundi. Na zile nyembamba kama nywele zina rangi ya kuzuia umeme juu yake, usipoikwangua au kuiunguza, risasi ya kulehemu haishiki hata ufanye nini, wengi wanakata tamaa hapo hapo.

Sauti ikikwaruza ukizungusha volyumu mara nyingi ni vumbi tu, puliza dawa ya kusafishia vifaa vya umeme humo ndani ukiwa umechomoa umeme, zungusha huku na huku mara ishirini hivi, acha ikauke. Mafuta ya kupikia hapana jamani, yanakamata vumbi zaidi.

Mngurumo ndio unataka akili. Shusha volyumu mpaka mwisho: ukipotea unaingia na waya wa sauti, ukibaki vile vile kuna uwezekano mkubwa kapasita kubwa ya pawa, kile kikopo kinachotunza umeme, imechoka, ukifungua utaiona imevimba kichwa au imevuja. Weka yenye maikrofaradi (kipimo cha uwezo wake wa kutunza umeme) zile zile, volti sawa au zaidi kidogo, na ule mstari wa hasi ukae upande ule ule wa zamani, ukigeuza inaweza kupasuka. Na hapa nakuomba sana, kuchomoa kwenye ukuta peke yake hakutoshi, kapasita inatunza umeme hata baada ya kuchomoa, subiri kisha pima volti zake kabla hujaweka kidole. Kama huna mita usifungue boksi lenye umeme wa ukutani, bora umpe fundi.

Cha mwisho kupima ni spika yenyewe. Toa waya zake, weka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, ya omu 4 itasoma kama 3 na kitu, ya omu 8 itasoma 6 au 7. Huna mita, gusisha betri ya volti 1.5 sekunde moja tu, ikiwa hai utasikia "tap" na utaona karatasi inasogea. Ikiwa kimya na mita haisomi kitu, koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, imekatika, na hapo tu ndio nakubali spika imekufa. Hata hivyo situpi, amplifaya na boksi vinabaki, natafuta spika nyingine ya kipimo kile kile na omu zile zile naipachika kwenye tundu lile lile.