Mama Alisuka Kwenye Matatu

Mvulana mmoja wa gredi ya pili alinisomea ukurasa mzima wa kitabu cha hadithi bila kukwama. Fisi, sungura, kisima, vyote vilipita. Sauti ilipanda pale sungura alipodanganya, ikashuka pale fisi alipolia. Nikampongeza. Kisha nikafunika picha kwa kiganja, nikamwambia anionyeshe neno "kisima". Kidole kikatangatanga, kikatua juu ya "lakini". Kumbe hakuwa amesoma chochote. Hadithi ile nilikuwa nimeisimulia wiki nzima, naye akaihifadhi kama wimbo.

Wenzangu wa upande wa silabi hushikilia visa kama hicho, na hapo sina ubishi nao. Shule yetu iko upande wa Ahero, karibu na Kisumu, kwenye mashamba ya mpunga, na katika ofisi ya walimu mjadala huu hauishi: mtoto aanze na herufi, sauti na silabi mpaka afikie hadithi, au aanze na hadithi, silabi achambue humo humo? Wazazi nao wana lao. Mama mmoja alisimama mkutanoni akasema, "Mwalimu, hadithi ni kazi ya nyanya nyumbani. Wewe mfundishe ba be bi bo bu."

Ana hoja. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Irabu ni tano na hazigeuki; mtoto akishaishika "ma" ya mama, ndiyo hiyo hiyo ya mahindi na ya maziwa, na anaweza kusoma hata neno ambalo hajawahi kulisikia. Mpango wa Tusome, ulioingia shule za umma mwaka 2015 kwa ufadhili wa Marekani, ulijengwa juu ya msingi huo: sauti, silabi, neno, ndipo kifungu kifupi, huku kila mtoto akiwa na kitabu chake badala ya kukigombania na wenzake. Walimu wengi tulioupitia tuliona watoto wakifunguka. Hata Uwezo, watafiti waliopita nyumba kwa nyumba kupima watoto kama wanajua kusoma, kipimo chao kilianza na herufi au silabi, kikaenda kwenye maneno, kikaingia aya, na juu kabisa kimewekwa hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Ila Uwezo walipima, hawakufundisha. Kwamba hadithi huja mwisho kwenye mtihani hakunilazimishi kuileta mwisho darasani.

Tena wepesi huo wa Kiswahili ndio unaotudanganya. Mtoto anakusomea "Kobe alijikunyata chini ya mbuyu" kwa sauti safi, unamwekea alama ya vema. Muulize kobe alifanya nini, anakutazama tu. Huku kwetu Dholuo, lugha ya Waluo, ndiyo lugha ya nyumbani na ya uwanjani wakati wa mapumziko. Kiswahili wengi wanakutana nacho kwa mwalimu. Kwa hiyo silabi inampa mtoto wetu sauti zote na isimpe maana yoyote. Kwenye Kiingereza ningekuwa mwepesi zaidi kuwaunga mkono wenzangu, maana tahajia yake ni msitu na mtoto anahitaji mtu wa kumfyekea njia sauti kwa sauti. Kwenye Kiswahili njia iko wazi, kinachokosekana ni sababu ya kuipita.

Ndiyo maana mimi huanza na mdomo. Jumatatu nawasimulia kwa Dholuo habari za Simbi Nyaima, lile ziwa la karibu na Kendu Bay: kijiji kilikuwa na karamu, bikizee akaja akiomba makao, wakamfukuza, mwanamke mmoja tu akamhurumia, na usiku mvua ikakimeza kijiji. Jumanne naisimulia kwa Kiswahili. Jumatano naandika sentensi tatu ubaoni. Kufikia hapo "kunyimwa" na "kuzama" si maneno mageni tena. Na kwa sababu nimeshaumwa na yule wa kisima, Alhamisi nafuta "ilinyesha" naandika "haikunyesha". Aliyekariri anaanguka hapo hapo, na wenzake wanamcheka kabla sijafungua mdomo.

Kutumia Dholuo si uasi. Tangu ripoti ya Gachathi kuhusu elimu ya mwaka 1976, sera yetu inataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, na mtaala wa umilisi haukuiondoa. Na yule mama wa mkutanoni asemapo hadithi ni kazi ya nyanya, anasema kweli ya zamani: Waluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya bikizee ambamo watoto walilala wakisikiliza sigana, yaani hadithi. Siku hizi nyanya yuko kijijini na mjukuu yuko Kondele, mtaa wa Kisumu, au wako nyumba moja na runinga imewashwa.

Kwenye kuandika ndiko nilikopata funzo langu. Mwaka 2023 KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa mara ya mwisho, na insha yake ilitolewa alama 40. Kwa ajili ya alama hizo tuliwakaririsha watoto hadithi zilizokwisha kupikwa. Kwenye insha kila mtoto alirauka alfajiri na mapema, majogoo yakiwika, hata anayelala juu ya duka mjini Kisumu ambako kinachowika ni honi za matatu. Hiyo nayo ilikuwa kufundisha kwa hadithi, na iliwaharibu wengi. Basi sasa nataka hadithi yake mwenyewe, iwe sentensi mbili. Hapa watoto huwinga ndege kwenye mpunga, kwa hiyo yapo ya kusema: "Ndege walikuja. Nilipiga debe."

Msichana mmoja aliandika kuhusu safari ya sokoni: "Tulifika Ahero. Mama alisuka kwenye matatu." Darasa zima likaangua kicheko, tukimwona mama amekaa kitini akisuka nywele huku utingo akidai nauli. Alitaka kusema alishuka. Dholuo haina "sh", na watoto wetu huandika "sule" na "sangazi" kwa sababu ndivyo wanavyosikia. Hadithi elfu moja hazingemrekebisha. Ilibidi nisimame nikafundisha "sa" na "sha", saba na shaba, suka na shuka, kisha imla. Ila bila safari ile ya sokoni asingeona kwa nini tofauti hiyo imhusu.

Gharama ipo, nami sitaificha. Kipindi ni dakika 30 na watoto wangu ni 58. Hadithi humezwa na wale wasemaji wanne wa mbele, na walio nyuma wanaweza kumaliza muhula hawajatoa neno. Silabi angalau wote huitikia pamoja, ingawa kuitikia pamoja ndiko kichaka cha asiyejua.

Yule wa kisima sasa namtengea dakika tano kabla ya gwaride, na kadi tatu juu ya dawati: "ki", "si", "ma". Juzi alizipanga mwenyewe zikawa "sikima". Akaniuliza hilo ni nini. Nikamwambia hakuna neno kama hilo. Akafikiri kidogo, akasema basi litakuwa jina la fisi.